Somo Yangu Ana Siku Saba

Ijumaa, baada ya alasiri. Msambweni.

Mvua ilianza alfajiri, ikakoma saa nne kana kwamba inatupa nafasi ya kupika, na sasa inanyesha tena. Nimejificha chumbani kwa Mama, nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, simu mkononi. Huko uani wanawake wanaosha masufuria na kucheka. Nimeondoka pale kwa sababu nilikuwa nimeosha masufuria mawili yaliyokwisha kuoshwa, na mtu mmoja akanitazama.

Siwezi kutulia. Naandika kwa kuwa mikono imekosa la kufanya.

Mnaosoma blogu hii mnanijua kwa madoa. Doa la mvinyo, la mafuta ya nazi, la hina kwenye foronya nyeupe, yote hayo niliyaandika, nanyi mkawa mnaniandikia kunishukuru. Mara ya mwisho niliandika habari za kutu kwenye mapazia, nikamalizia kwa kusema naachia hapo maana nawahi zamu. Nilisema uongo. Sikuwa na zamu yoyote ya kuwahi. Nilikuwa na wiki tatu sina kazi.

Haya, nimesema.

Hoteli iliuzwa. Wenyewe wapya wakaipa kampuni ya nje kazi ya vyumba, na kampuni hiyo ikaja na watu wake. Niliingia pale msichana wa kukunja taulo, nikatoka supavaiza wa vyumba vyote vya upande wa baharini, wanawake kumi na wanne chini yangu. Miaka kumi na tisa. Siku ya mwisho tulikatiwa keki, tukapigwa picha, kila mtu akapewa barua yake kwenye bahasha. Nilirudi Ukunda kwenye chumba changu cha kupanga, nikaitia ile bahasha chini ya godoro, na sikumwambia mtu.

Sasa imetimia miezi miwili. Kila asubuhi naamka saa kumi na nusu bila kuamshwa na simu. Naoga, navaa sketi nyeusi na viatu vya kazi, natoka ili majirani wa ploti wanione nikitoka. Napita Kona ya Musa kwa mwendo wa mtu aliyechelewa, nateremka hadi barabara ya pwani, nazunguka, kisha narudi kwa njia ya nyuma wakati wenzangu wa ploti wameshakwenda makazini. Wanasema mtembezi hula miguu yake, na mimi nimeila mpaka visigino.

Siku moja miguu ilinipeleka mpaka lango la wafanyakazi. Wallahi sikukusudia. Askari wa lango, mtu tuliyesalimiana miaka na miaka, akaniuliza, "Mona, umesahau kitu?" Nikamwambia nimesahau. Akangoja niseme ni kitu gani. Nikageuka nikaondoka, na sijapita tena njia ile.

Mona ni mimi, nieleze hilo pia. Jina langu ni Mwanakombo. Wageni hawakuweza kulitamka, na bosi wa kwanza akanichapishia beji ya Mona bila kuniuliza. Nilichukia kwa wiki moja, halafu nikalizoea, halafu nikalipenda. Mwanakombo alitaniwa shuleni kwamba mambo yake yatakwenda kombo. Mona hakutaniwa na mtu. Mona alikuwa akipita kwenye ukumbi na wasichana wanajiweka sawa.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu Hamisi alinipigia simu. Mkewe, Mejumaa, alikuwa amejifungua salama hapa Msambweni, mtoto wa kike baada ya wavulana wawili. Alikuwa anacheka mpaka maneno hayaeleweki. Kisha akasema, "Dada, umepata somo."

Kwa wasomaji wangu wa bara: huku kwetu somo ni mtu mwenye jina kama lako. Mkikutana hamwitani majina, mwaitana somo, na hapo mnakuwa na udugu fulani usiohitaji kuelezwa.

Nilifurahi kwa muda wa kunywa maji glasi moja. Halafu nikaketi chini. Mtoto atapewa jina langu. Na kwa nini wampe jina langu? Mimi sina mume, sina mtoto, sina nyumba. Katika ukoo huu nina kitu kimoja tu cha kuonyesha, nacho ni kazi. Walikuwa wanampa mtoto jina la mkubwa wa hoteli, na huyo mkubwa wa hoteli hayupo.

Nilifika hapa Jumapili na kitenge cha mzazi na sabuni ya mtoto. Nilisema nimechukua likizo. Mama akanibusu, Hamisi akanipokea mkoba, nikaingizwa chumbani kwa Mejumaa. Mtoto alikuwa mdogo, mwekundu, amekunja uso kama mtu aliyedaiwa. Nikamwangalia nikaona aibu, mtoto wa siku mbili ananitia aibu.

Ndipo akaingia Mama Saumu, jirani wa mlango wa pili, kuja kumtazama mzazi. Akamwinamia mtoto akasema, "Inshallah aje awe kama shangaziye, mkubwa wa hoteli." Wote wakaitikia amina. Na mimi niliitikia amina. Halafu akanigeukia akaniambia bintiye Saumu amemaliza shule na yuko nyumbani tu, kama ningeweza kumshika mkono pale kazini kwangu.

Nilimwambia nitaona. Laiti ningeliishia hapo. Nikaongeza kwamba mwezi ujao huwa tunachukua wasichana.

Sijui kwa nini nilisema. Najua. Nilisema kwa sababu uso wake ulipobadilika, kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu tena.

Wiki nzima sikukaa. Nilitandika kitanda cha Mejumaa mara tatu kwa siku, pembe zimekunjwa kama za hotelini, mpaka akaniambia, "Wifi, nilalie wapi sasa, naogopa kukiharibu." Nilipitisha kidole juu ya kabati la Mama na kumwonyesha vumbi. Mama ni mwenye haya, jioni nilimwona amepanda kigoda anafuta. Nilipanga upya vikombe. Nilimfundisha Hamisi namna ya kuanika mashuka. Wale wavulana wawili walikuwa wakinisikia nakuja wanakimbilia kwa jirani.

Na kila nilipokaa chini, lile neno likaja. Somo. Siku ya saba mtoto atanyolewa, jina litatajwa mbele ya watu, na likishatajwa limetajwa. Ataulizwa akikua, umepewa jina la nani, atasema la shangazi yangu, alikuwa hivi na hivi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hicho cha kwangu watu wamekiona kimetandikwa tu.

Nilitaka kukimbia kabla ya Ijumaa. Nilikwisha kutunga na sababu, kwamba kuna mgeni mkubwa anakuja hotelini. Nilipofika kumuaga Mama, nikakuta anachambua mchele wa karamu ya akika, miwani imemshuka puani, na nikashindwa.

Jana, Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri, nikapiga moyo konde. Mama alikuwa amelala. Hamisi alikuwa amekwenda kuleta mbuzi. Nikaingia kwa Mejumaa, nikafunga mlango, nikasimama. Sikuweza kukaa. Nikamwambia kwa mkupuo mmoja: msimpe mtoto jina langu, mimi kazi sina, niliachishwa, nina miezi miwili nawadanganya, mpeni jina jingine lenye heri.

Mejumaa alikuwa ananyonyesha. Akainua macho.

"Wifi," akasema, "nani amekwambia ni jina lako?"

Nikamwambia Hamisi mwenyewe ndiye aliyenipigia simu akaniambia nimepata somo.

"Si umepata? Ukiitwa Mwanakombo naye akaitwa Mwanakombo si masomo? Lakini jina ni la Bibi. Bibi Mwanakombo, mzaa baba yenu. Hamisi aliniambia hata kabla hajanioa kwamba wa kike wa kwanza ni wa Bibi, baba yenu aliacha amesema kila mwanawe awe na Mwanakombo nyumbani. Kwani kwenu mko wangapi? Kuna wa Funzi, kuna wa Kikoneni, kuna wewe wa hoteli."

Akambadilisha mtoto ziwa. "Kazi inaingia wapi hapo?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

Nitasema lililonipata, ijapokuwa halinipendezi. Niliudhika. Kwa siku tano nilikuwa nalihofia lile jina, silali, nikiomba liniepuke, na lilipoondolewa mbele yangu nikaudhika kwamba halikuwa langu. Nilisimama katikati ya chumba nimenuna, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, nikiwa na kinyongo na bibi aliyekufa.

Halafu aibu ikanishika, halafu nikaanza kucheka. Mejumaa naye akacheka, akajishika tumbo, akaniomba nisimchekeshe maana bado anaumia. Kisha akaacha kucheka akasema, "Pole sana, wifi. Miaka yote hiyo." Akanipa mtoto nimshike yeye aende akaoge.

Nilimshika. Nilitaka kusimama nipange zile nguo zake ndogo kwenye kiti, ambazo zilikuwa ovyo, lakini nilikuwa na mtoto mikononi na sikuweza. Nilikaa hivyo nikiziangalia. Mejumaa anaoga taratibu, jamani. Ilikuwa nusu saa.

Mama nilimwambia alipoamka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilidhani atalia, au ataniuliza nilikosa nini, maana kwa wazee mtu haachishwi kazi bila kosa. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso.

"Tangu lini?"

Nikamwambia miezi miwili.

"Na ulikuwa ukila wapi?"

Hapo ndipo nilipolia. Wakati wa barua sikulia, wala pale kwenye keki, wala langoni. Kwa sababu jibu ni kwamba nilikuwa nakula mkate na chai ya rangi, peke yangu, mlango umefungwa mchana kweupe, ili mtu asijue nipo. Hapa na Ukunda ni mwendo wa chini ya saa moja. Mama anapika kila siku, na kila siku hubaki.

Mama alinyanyuka akaenda jikoni, akarudi na sahani ya wali na samaki wa kupaka, akaketi mbele yangu mpaka nikamaliza. Hakuniuliza lingine.

Lakini kulikuwa na Mama Saumu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yangu ilikuwa ya milango miwili.

Leo asubuhi alikuja mapema kusaidia kupika. Tulikaa pamoja chini ya turubai, yeye anakuna nazi, mimi namenya vitunguu. Nilimngoja apumzishe mkono. Nikamwambia. Nilimwambia kazi sina, nafasi za wasichana sizijui, na yale niliyomwambia Jumapili niliyatunga. Nilisema sababu ya kutunga ni kwamba nilipenda alivyoniangalia. Sikuwa nimekusudia kusema hilo la mwisho, lilitoka.

Aliinamia mbuzi yake ya kukunia nazi.

"Saumu ameshashona sketi," akasema. "Nyeusi. Alisema huko wanavaa nyeusi."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi nimepewa, lakini Saumu nimwambie mwenyewe, yeye hatamwambia. Akaendelea kukuna. Hakunisemesha tena mpaka wali ulipopakuliwa, na hata hapo alinisemesha kwa kunielekeza sinia liende wapi. Ni haki yake. Sijamwambia Saumu bado. Alikuwepo leo, amevaa ile sketi, anagawa maji, na kila alipopita karibu yangu alinipa tabasamu. Nitakwenda kwao baada ya magharibi. Naogopa msichana wa miaka kumi na tisa kuliko nilivyomwogopa meneja yeyote.

Saa tano Ustadhi alifika. Wanaume walikaa barazani, sisi ndani na mlango wazi. Mtoto alinyolewa, akalia kidogo, akalala. Ustadhi akauliza jina, na Hamisi akasema kwa sauti iliyokatika katikati, "Mwanakombo binti Hamisi." Watu wakasema mashallah. Dua ikasomwa, udi ukapitishwa.

Nilimwangalia yule mtoto. Ana siku saba. Mpaka sasa amenyonya, amelala, amechafua nguo za kutosha. Nyumba nzima ilikuwa imejaa kwa ajili yake, watu wametoka Kikoneni na mvua yote hii, na hakuna aliyeuliza ataweza nini. Ikanijia kwamba na mimi nilikuwa na siku yangu ya saba, katika nyumba hii hii, Baba yuko barazani, Mama yuko chumbani. Nilipewa jina kabla sijatandika kitanda hata kimoja.

Nilikaa na wazo hilo kama dakika mbili. Halafu nikaona foronya ya mto wa mtoto imevishwa kinyume, nikaenda kuigeuza. Sisemi nimepona.

Baada ya chakula Mama aliniita nikamsalimie bibi mmoja aliyekaa pembeni kwenye mkeka. Ni binamuye marehemu baba yetu Bakari, wa Kikoneni, macho yamempungua sana. Naye anaitwa Mwanakombo. Nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anapapasa mkono wangu.

"Nani huyu?"

"Mwanakombo, bibi."

"Somo!" Akafurahi. "Mwanakombo yupi? Maana tumejaa."

Jibu la miaka kumi na tisa, wa hoteli, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikabaki nimepiga magoti, mkono wangu uko mkononi mwake.

"Wa Bakari," nikasema mwishowe. "Dada yake Hamisi."

Nikangoja swali la pili. Ninalijua, kila mtu huniuliza, siku hizi uko wapi, unafanya nini. Nilishajikaza kulipokea.

"Aa, wa Bakari," akasema. Akanipa kikombe chake. "Hebu niongeze chai, somo. Hii wameinyima sukari."

Nilisimama na kile kikombe nikingoja. Alikuwa ameshageuka anaongea na mwenzake habari za mihogo.

Nilimletea chai. Nikakaa naye mkekani mpaka akaimaliza, labda nusu saa, na sikufanya kitu kingine chochote. Miguu ilikuwa inanicheza. Sijui jibu lile, wa Bakari, litanitosha nikikutana na mtu wa kazini zamani pale Ukunda, au nitatafuta jingine refu zaidi. Nikilazimika kulirudia kila siku, mwezi mzima, nitaliamini?

Leo yule bibi aliniuliza mara moja tu, nikajibu, akaridhika.